Kasha la udi: tulijenge wenyewe kabla ala zetu hazijatuishia

Wapo Wapwani waliohamia Nairobi na vitu viwili wasivyokubali kuviacha nyumbani: mbuzi ya kukunia nazi, na udi. Mbuzi haina neno. Ilivyokuwa Mombasa ndivyo itakavyokuwa Nairobi. Udi una mambo mengine, na hayo ndiyo nataka tuyazungumze leo, kwa sababu tusipoyazungumza tutabakia na picha za nyudi ukutani na hakuna wa kupigwa.

Hapa mtaani Jamhuri, kando ya Barabara ya Ngong, jirani na uwanja wa maonyesho ya kilimo, nimeziona nyudi tatu katika nyumba tatu za watu wetu. Wa kwanza umepasuka uso kutoka darajani hadi ukingoni. Wa pili shingo imeanza kuachana na tumbo, na nyuzi zimeinuka hata vidole haviwezi kuzikandamiza. Wa tatu ni mzima. Wenyewe wote watatu wanaupenda udi, na hakuna hata mmoja aliyeutupa au kuuchezea. Tofauti yao ni moja tu: huo wa tatu una kasha la mbao, na hizo mbili zililala ndani ya mfuko wa kitambaa, tena juu ya kabati.

Kasha la kununua la udi si rahisi kulipata Nairobi. Maduka ya ala huuza makasha ya gitaa na ya fidla, na udi hauingii humo: tumbo lake ni nene mno kwa kasha la gitaa, na kichwa chake kimekunjwa kwenda nyuma. Kuagiza kutoka Misri au Uturuki ni gharama ya kasha, ya usafiri na ya ushuru, na mara nyingi jumla yake humshinda kijana anayeanza kujifunza. Hivyo njia iliyobaki ni kulijenga wenyewe. Na jambo hilo halitupi shida sisi. Watu wa pwani hii tumezijaza nyumba zetu makasha tangu zama za mababu, kasha la arusi lenye misumari ya shaba, sanduku la baharia, kijaluba cha bibi. Ujuzi wa kuhifadhi kitu cha thamani ndani ya mbao ni wetu.

Udi ni mbao nyembamba kuliko unavyodhani

Kabla ya kushika msumeno, ni vyema kuelewa unalinda nini. Neno lenyewe la Kiarabu maana yake ni mti au kijiti, na ndiyo sababu udi wa kupiga na udi wa kufukiza vikashiriki jina. Lakini mbao ya udi wa kupiga ni nyembamba mno. Tumbo limeundwa kwa vipande vyembamba vilivyokunjwa kwa moto na kugandishwa ubavu kwa ubavu, kila kimoja unene wa kama milimita 2 au 3. Uso ni mwembamba zaidi, mara nyingi chini ya milimita 2. Udi mzima, pamoja na nyuzi zake 11, kwa kawaida haufiki kilo moja au huipita kidogo tu.

Nyuzi hizo nazo hazikulala. Usiku na mchana zinalivuta daraja lililogandishwa juu ya uso, na zinaivuta shingo mbele. Kwa hivyo udi ni kitu chepesi kilicho katika mvutano daima. Ukiugonga kidogo ulipodhoofika, unaachia.

Na gundi je? Mafundi wa asili hutumia gundi ya ngozi. Ina sifa nzuri, kwamba fundi anaweza kuifungua kwa joto na maji akatengeneza ala bila kuiharibu. Sifa hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Udi ukiachwa ndani ya gari lililofungwa juani, gundi yaweza kulainika na shingo ikasogea. Mara nyingi shingo ikisogea hivyo mwenyewe hulaumu aliyeuunda udi, kumbe lawama ni ya jua.

Kutoka bahari hadi bara

Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko juu yake kwa zaidi ya mita 1,600. Hewa ya Mombasa imejaa unyevu karibu mwaka mzima, na sote tunajua jinsi chumvi inavyoganda ndani ya kichupa chake. Hewa ya Nairobi, hasa Januari na Februari, hukauka hata midomo ikapasuka.

Midomo ikipasuka utapaka mafuta. Uso wa udi ukipasuka ni kazi ya fundi. Mbao hunywa unyevu ikavimba, na hutoa unyevu ikasinyaa, tena husinyaa kwa upana wake kuliko kwa urefu. Uso wa udi umegandishwa ukingoni pande zote. Ukitaka kusinyaa hauna pa kwenda, basi hupasuka kufuata nyuzi za mti. Udi uliozoea Mji wa Kale au Lamu miaka 30, ukipandishwa Nairobi mwezi wa Januari na kuanikwa ukutani, umeuweka mtihanini.

Kasha haliwezi kuibadilisha hali ya hewa. Linachofanya ni kuichelewesha. Ndani ya sanduku lililofungwa vizuri, unyevu hupanda na kushuka polepole, na mbao hupata muda wa kuzoea. Wataalamu wa ala za mbao hupendekeza unyevu wa hewa uwe baina ya asilimia 45 na 55. Kipimo kidogo cha unyevu, chenye ukubwa wa saa ya mkononi, kinauzwa madukani na hakina bei ya kutisha. Kibandike ndani ya kasha.

Vifaa na pa kuvipata

Aishiye Jamhuri hana haja ya kwenda mbali. Mafundi wa samani wamejipanga kando ya Barabara ya Ngong, na soko la Toi liko karibu kwa vitu vya mitumba. Unahitaji:

- Bamba moja la plaiwudi ya milimita 6, futi 4 kwa 8. Latosha kasha moja na kibao cha kuweka rafu kitabaki.
- Vijiti vya mbao laini vya sentimita 2 kwa 2, vya kuimarisha pembe kwa ndani.
- Gundi nyeupe ya mbao na misumari midogo.
- Bawaba 3, vibano 2 vya kufungia, na mpini mmoja. Masanduku mabovu ya mitumba huwa na vibano na mipini mizuri kuliko mipya.
- Sponji ngumu ya godoro, unene wa sentimita 2.5 au 3.
- Kitambaa cha pamba. Leso kuukuu iliyofuliwa mara nyingi inafaa sana.
- Msasa, na vanishi au rangi ya mafuta.

Fundi wa kwanza utakayemwendea huenda akakushauri utumie plaiwudi ya milimita 18 "ili liwe imara." Msikilize kwa heshima, kisha mwambie la. Kasha la unene huo litakaribia kilo 13 kabla ya kutia hata msumari, kubebea kitu cha kilo moja. Utalibeba siku ya kwanza, siku ya pili utarudi kwenye mfuko wa kitambaa. La milimita 6, lenye vijiti pembeni, litakuwa kama kilo 5 au 6 likikamilika, na nguvu yake yatosha.

Vipimo: pima udi wako, usipime wa jirani

Nyudi hazilingani. Wa Kiarabu huwa mkubwa kuliko wa Kituruki. Kwa kukisia tu, tumbo la udi wa Kiarabu lina urefu wa kama sentimita 49, upana wa kama 36, na kina cha kama 19. Shingo huongeza kama 20, halafu kichwa hukunjwa nyuma.

Laza udi wako juu ya karatasi kubwa na uchore umbo lake kwa penseli. Kisha ongeza nafasi ya sentimita 3 kila upande kwa ajili ya sponji. Umbo la kasha likatwe hivi: upande wa tumbo uwe mstatili, kisha lianze kusinyaa kuelekea kichwani. Usiogope watu wakikutania kwamba limefanana na jeneza. Umbo hilo huzuia udi kucheza ndani, na hupunguza uzito.

Kwa udi wa vipimo nilivyotaja, kasha litakuwa na urefu wa kama sentimita 85, upana wa 45 upande wa tumbo na 25 upande wa kichwa, na kina cha 28 kwa ndani. Kina hicho kinapatikana hivi: sponji ya chini 3, tumbo 19 au 20, daraja na nyuzi kama 2, na nafasi tupu ya sentimita 2 au 3 juu yake. Nafasi hiyo tupu ni lazima. Kifuniko hakitakiwi kugusa nyuzi wala daraja hata mtu akikikalia.

Pima pia kichwa. Kimeteremka nyuma ya shingo kama sentimita 20, kwa hivyo kinakaribia kuwa sawa na kina cha tumbo. Wengi husahau hapo, wakajenga kasha zuri ambalo udi unalalia kichwa chake. Udi unaolalia kichwa, kasha likidondoshwa, huvunjika shingoni.

Kulijenga

Siri ya useremala katika kazi hii ni moja: jenga sanduku zima lililoziba pande zote, kisha ndipo ulipasue kupata kifuniko. Ukitengeneza chini na juu kila kimoja peke yake, hata uwe fundi wa namna gani, havitakutana sawasawa.

Kwanza, kata vipande viwili vya umbo ulilochora, kimoja cha chini na kimoja cha juu. Kisha kata mbavu za upana wa sentimita 28, ambazo kwa jumla zitakuwa na urefu wa kama mita 2 na nusu.

Pili, piga mstari kuzunguka mbavu zote, sentimita 7 kutoka juu. Hapo ndipo msumeno utakapopita. Unapogandisha vijiti vya pembeni, acha pengo mahali pa mstari huo, na usitie msumari karibu nao.

Tatu, gandisha mbavu kwenye kipande cha chini kwa gundi na misumari midogo, pembe zote zikiwa na vijiti kwa ndani. Gandisha na kipande cha juu. Lifunge kwa kamba, tia mawe juu yake, na uliache usiku kucha. Gundi isiyokauka haina urafiki na msumeno.

Nne, asubuhi pasua kufuata mstari, polepole, kwa msumeno wa meno madogo. Utapata kifuniko na kasha vilivyozaliwa pamoja. Piga msasa kingo. Kisha gandisha utepe mwembamba wa mbao kwa ndani ya kasha, uchomoze milimita 5 juu ya ukingo kuzunguka kote. Kifuniko kitaukalia, na vumbi na mvua havitapata njia.

Tano, tia bawaba na vibano. Plaiwudi ya milimita 6 ni nyembamba kwa skrubu: zikipita zitachomoza ndani na kuuchuna udi, na zisipopita hazitashika. Gandisha kwanza kibao kidogo kwa ndani pale panapokaa kila bawaba na kila kibano. Mpini nao ufungwe kwa nati na bolti zenye vichwa vya mviringo. Mahali pake si katikati ya kasha. Weka udi ndani, lisimamishe kasha juu ya kidole au mti mwembamba, na utafute linapolingana. Patakuwa karibu zaidi na tumbo.

Sita, paka vanishi au rangi nje na kwenye kingo zote. Kingo ndizo zinazokunywa maji. Liache wazi siku kadhaa hadi harufu iishe kabla ya kutia udi, kwani moshi wa vanishi mbichi ukifungiwa ndani haufai kwa rangi ya ala.

Kitanda cha udi

Sasa ndani. Tumbo la udi ni la mviringo, na ukiliweka juu ya sponji tambarare litakuwa limesimama juu ya nukta moja. Kata sponji vipande vya umbo la mwezi, uvipange tabaka juu ya tabaka hadi vifanye kiota cha kulipokea tumbo kwa upana. Kisha tengeneza mto wa pili chini ya shingo, karibu na pale inapoungana na tumbo. Kichwa kibaki kikielea hewani, kisiguse kitu chini, nyuma wala pembeni.

Sponji usiiache igusane na udi. Baadhi ya sponji na ngozi za plastiki huila rangi ya ala baada ya muda, na sponji yenyewe ikizeeka huwa unga unaonata. Funika kila mahali kwa leso au kitambaa kingine cha pamba. Aliye na sufi nyumbani anayo bora kuliko sponji: mto uliojazwa sufi vizuri, ukashonwa na kushindiliwa, huchukua umbo la tumbo wenyewe.

Jaribio ni rahisi. Tia udi, funga, inua kasha na ulitikise kwa upole. Ukisikia chochote kinasogea, ongeza mto. Kisha chukua karatasi, iweke juu ya daraja, ufunge kifuniko huku ncha ya karatasi ikichomoza nje, na uivute. Ikitoka bila kukwama, kifuniko hakigusi nyuzi.

Nairobi utie maji, Mombasa uyatoe

Kwa anayeishi bara, chukua kisanduku cha sabuni chenye tundu, tia kipande cha sponji kilicholoweshwa na kukamuliwa hadi kisidondoshe tone, ukiweke upande wa shingo mbali na uso wa udi. Kila wiki angalia kipimo. Kikiwa chini ya 45, lowesha tena. Kikipita 55, kitoe. Msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, huenda usikihitaji kabisa.

Kwa aliyeko Mombasa, Lamu au Malindi mambo ni kinyume. Kasha lililofungwa miezi likiwa na unyevu ndani huota ukungu. Tia vile vipakiti vya chembechembe za kukaushia vinavyokuja na viatu na simu, na ulifungue kasha kila siku chache lipate hewa kivulini. Dawa bora ya yote ni kuupiga udi.

Safarini

Baina ya Mombasa na Nairobi ni takriban kilomita 480, na watu wetu huzipita kwa arusi, maulidi na misiba mwaka mzima. Tangu treni mpya ianze mwaka 2017, safari ya udi imekuwa nyepesi kuliko ya basi, kwa kuwa kasha unakaa nalo ndani, na si chini kwenye mizigo ya watu na magunia ya machungwa. Ujue tu kwamba mizigo hukaguliwa. Kasha lako liwe la kufunguka upesi, bila kamba saba za kufungua mbele ya foleni.

Kabla ya kuondoka, legeza nyuzi kiasi cha sauti moja. Usizilegeze zote kabisa, kwa maana uso na shingo vimezoea kuvutwa. Ukifika, usifungue kasha mara moja. Liache lilale saa kadhaa, ikibidi usiku mzima, udi uzoee hewa mpya ukiwa ndani. Shauku ya kupiga ni kubwa, lakini subira yavuta heri.

Wenye kibangala, mtindo huu unawafaa vilevile kwa kubadilisha vipimo. Ngozi yake hulegea kwa unyevu na kukaza kwa ukavu, kwa hivyo inahitaji utulivu huo huo.

Kwa nini tujishughulishe

Kuna atakayesema: siku hizi kinanda cha umeme kina sauti ya udi ndani yake, mbona tujitese? Jibu ni kwamba kinanda kinatoa sauti ya udi wa mtu mwingine. Sauti ya udi wa pwani hii ilitoka kwenye vidole na mbao. Siti binti Saad na wenzake walipopanda meli kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, walikwenda na ala zao, wakavuka nazo bahari. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyetutoka mwaka 2016, aliwaachia vijana wengi shauku ya kuushika udi. Shauku ikiwapo na ala haipo, kijana ataishika simu.

Nyudi nyingi zilizobaki katika nyumba zetu ni za urithi. Aliyeziunda hayupo, aliyezileta hayupo, na mafundi wanaojua kuutengeneza udi uliopasuka ni wa kutafutwa kwa taa. Kila mmoja unaovunjika leo ni mtoto mmoja ambaye kesho hatakuwa na pa kujifunzia. Tahadhari kabla ya athari. Siku mbili za kazi na bamba moja la plaiwudi ni gharama ndogo.

Mwenye udi uliopasuka tayari naye asikate tamaa, wala asiutie gundi ya dukani ile ya kukauka mara moja. Gundi hiyo haifunguki tena, na fundi atakayekuja baadaye atakuta kazi imeharibika zaidi. Alegeze nyuzi, aujengee kasha, auhifadhi humo kwenye unyevu wa wastani. Mpasuko mwembamba mara nyingine hujifunga wenyewe unyevu ukirudi, na usipojifunga, utamsubiri fundi bila kuzidi.